Kitabu cha jubilei ya kanisa la kijijini: mapitio ya huduma ya steshenari moja mjini Arusha

Kanisa la Baptisti la kijijini likishakaribia miaka hamsini au sitini, kamati ya jubilei inaundwa, na haipiti muda mrefu mtu anauliza: kitabu cha historia tutachapia wapi? Kwa makanisa ya miteremko ya Meru na yale ya barabara ya Namanga, jibu huwa Arusha mjini, mitaa ya kuzunguka Soko Kuu, kwenye steshenari zilizobanana bega kwa bega. Mapitio haya ni ya mojawapo, duka la vyumba viwili linalopokea kazi tangu kuskani picha hadi kukabidhi vitabu vikiwa vimekatwa na kufungwa kwenye maboksi. Jina halitajwi, maana kasoro zake utazikuta karibu kila duka la mtaa ule.

Hukumu ni hii. Kwa picha, karatasi na ufungaji, kazi yao ni ya kutegemewa na bei wanaipanga kwa uwazi. Kwa maneno yanayoingia ndani ya kitabu, kanisa lisiwaachie hata ukurasa mmoja bila kuusoma neno kwa neno. Wao ni wachapaji. Historia ni ya kanisa, na kanisa lenyewe ndilo la kuilinda.

Tuanze na picha, kwa kuwa hapo ndipo wanapowazidi majirani zao. Wana skana ya kulaza, yenye kioo na kifuniko, na hawapigi picha juu ya picha kwa simu kama wafanyavyo wengi. Picha ya ukubwa wa postikadi wanaiskani kwa nukta 300 kwa inchi, na zile ndogo za pasipoti wanapandisha hadi 600, ili zikikuzwa zisifumke. Agiza siku ileile wakupe faili ghafi kabla ya kuzigusa. Picha nyingi za rangi za miaka ya sabini na themanini zimegeuka nyekundu, kwa sababu tabaka la rangi ya samawati hufifia hata picha ikiwa imefungiwa sandukuni gizani. Hilo dizaina wao anajua kulirekebisha na analirekebisha kwa kiasi. Ila siku hizi wanapenda pia programu za simu za kung'arisha nyuso, na hapo kataa kabisa. Programu hizo haziondoi ukungu tu, zinachora macho na meno ambayo hayakuwemo kwenye picha. Mzee wa kanisa aliyefariki miaka thelathini iliyopita anarudi na sura ya mtu mwingine, na wajukuu wake wanaikariri hiyo.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu wasiibandue. Wailaze kwenye skana pamoja na kioo chake, kwani ukivuta, uso wa picha unabaki kwenye kioo. Zile za albamu zenye kurasa za gundi na plastiki juu, zitolewe kwa uzi mwembamba unaopitishwa taratibu nyuma ya picha, si kwa ukucha. Duka hili lina uzi huo mezani, jambo dogo linaloonyesha kuwa wamewahi kufikiria kazi yao. Na ukiwatumia picha kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na kinachofika dukani kinapendeza kwenye simu lakini kwenye karatasi ni madoadoa.

Kosa lao kubwa upande wa picha ni kukata. Chukua picha ya ubatizo mtoni, ambayo karibu kila kanisa la Baptisti la kijijini inayo. Mchungaji yuko katikati ya maji yanayomfika kiunoni, mkono mmoja mgongoni kwa anayebatizwa na mwingine umeinuliwa. Ukingoni wamesimama watu arobaini: kina mama wenye khanga za kumfunika anayetoka majini, watoto juu ya jiwe, kijana ameshika viatu vya wenzake, bibi mmoja ameketi na kitabu cha nyimbo magotini. Dizaina akipewa picha hiyo anakata mstatili wa wawili walio majini, kwa kuwa macho yake yamezoea picha za harusi. Ule ukingo wa mto ndio jamii yenyewe. Mwandikie kwa kalamu kwenye fomu ya kazi: hakuna picha kukatwa bila ruhusa ya kamati. Ukiandika, wanatii, ukisema kwa mdomo, wanasahau.

Maelezo ya picha hawawezi kukuandikia, wala usiwaombe. Njia inayofaa ni kuprinti kila picha ya kundi kwenye A4 nyeusi na nyeupe, kuweka namba ndogo kwa penseli juu ya kila kichwa, kisha kuwapa wazee watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye anayetaja na wengine wanaitikia. Jina lililotajwa na wawili linaandikwa. Lililotajwa na mmoja linawekewa alama ya kuuliza mpaka lithibitishwe na ndugu. Nyuma ya picha halisi tumia penseli laini tu. Kalamu ya wino inapenya au inaacha mkwaruzo unaoonekana mbele.

Sasa maandishi, na hapa ndipo mapitio haya yanapokuwa makali. Duka linatumia kiolezo kimoja kwa makanisa yote, na kiolezo hicho kimetokana na vitabu vya Walutheri na Wakatoliki, ambao ndio wateja wengi wa mji huu. Ukipeleka daftari lako, kitabu kinarudi na vichwa kama "usharika", "dayosisi", "kigango", "kipaimara". Kwa Mbaptisti haya si makosa ya herufi, ni makosa ya imani. Kanisa la Baptisti ni kanisa la mahali, linalojitawala lenyewe kupitia mkutano wa washirika wake. Halina askofu juu yake. Lina mchungaji na mashemasi, na linashirikiana na makanisa mengine kwa hiari. Ubatizo na Meza ya Bwana huitwa maagizo, si sakramenti. Na ubatizo ni wa anayeamini na kukiri mwenyewe, kwa kuzamishwa majini.

Tofauti hiyo inaharibu hata majedwali. Kiolezo kina safu ya "watoto waliobatizwa". Kwa Wabaptisti safu hiyo haina cha kujaza, maana watoto wachanga hubarikiwa na kuombewa, hawabatizwi. Katika nakala ya kwanza, mchapaji huona nafasi tupu na kuijaza kwa idadi ya watoto wa shule ya Jumapili, akidhani amesaidia. Matokeo yake kitabu kinatangaza ubatizo ambao haukufanyika. Badilisha jedwali lote: waliobatizwa kwa mwaka, waliopokelewa kwa barua kutoka kanisa jingine la Baptisti, waliohamia kwingine kwa barua, waliofariki. Safu nne hizo zinatoka moja kwa moja kwenye daftari la mkutano wa kanisa. Na usilinganishe jumla yako na ya usharika jirani, kwani wenzako wanahesabu pamoja na watoto waliobatizwa na wewe hesabu yako ni ya waliokiri tu.

Daftari hilo la mkutano lina uzito ambao mchapaji hauelewi mpaka aelezwe. Mahali ambapo kuna dayosisi, nakala za takwimu hupelekwa makao makuu, na daftari la usharika likiliwa na mchwa kuna pa kukimbilia. Kanisa linalojitawala mara nyingi lina daftari moja tu duniani, liko kabatini kwa katibu au kwa mjane wa katibu wa zamani. Kwa hiyo daftari lisilazwe dukani. Mtu wa kanisa aende nalo, likaskaniwe mbele yake ukurasa kwa ukurasa, arudi nalo siku hiyohiyo. Duka hili linakubali utaratibu huo bila kununa ukifika asubuhi, kabla wanafunzi na watu wa barua za kazi hawajajaa.

Kuna suala la tarehe ya kuzaliwa kwa kanisa, ambalo huzua ubishi hadi wiki ya mwisho. Makanisa mengi ya Baptisti yana tarehe mbili za kweli. Ya kwanza ni siku mahubiri yalipoanza, chini ya mti au sebuleni kwa mtu, eneo likiwa kituo cha kuhubiri chini ya kanisa mama. Ya pili ni siku washirika waliobatizwa walipofanya agano na kuundwa kuwa kanisa kamili. Kati ya hizo mbili huweza kupita miaka mingi. Kiolezo cha duka kina mstari mmoja tu, "Kuanzishwa", na mchapaji anaweka tarehe aliyoiona kwanza. Dai mistari miwili, na jalada liseme jubilei inahesabiwa tangu ipi.

Ukurasa wa "Utangulizi wa Kihistoria" ndio unaohitaji kufutwa wote. Ni maandishi ya tayari yanayonakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, na yanaanza kwa kudai kuwa Wabaptisti walianzishwa na Yohana Mbatizaji. Ukitaka utangulizi, andika wa kwako, mfupi. Kusanyiko la kwanza la Wabaptisti wa Kiingereza lilikuwa Amsterdam mwaka 1609, likiongozwa na John Smyth. Thomas Helwys alirudi Uingereza na sehemu ya kundi hilo na kuanzisha kanisa London mwaka 1612. William Carey na wenzake waliunda chama chao cha misheni mwaka 1792. Wabaptisti wa Kusini wa Marekani walijiunga kuwa umoja wao mwaka 1845, na wamisionari wao ndio walioingia Tanganyika mwaka 1956, wakitokea kwenye kazi yao ya Nigeria. Seminari ya Kibaptisti ya Arusha ilifunguliwa mwaka 1962, na wachungaji wengi wa vijijini walipitia hapo. Yatosha. Mambo ya nusu ukurasa, kisha ingia kijijini kwako.

Hata katika nusu ukurasa huo kuna mitego. Mwaka 1956 ni wa wamisionari kuingia nchini, si wa kanisa lako, ila kiolezo huubandika kama mwaka wa kila kanisa. "Seminari ilifunguliwa 1962 Arusha, Tanzania" si sahihi: nchi ilikuwa Tanganyika, na Muungano ulikuja 1964. Sadaka iliyoandikwa kwa shilingi kabla ya 1966 ni ya shilingi ya Afrika Mashariki, siyo yetu ya leo, kwa hiyo usiibadilishe wala kuilinganisha. Kijiji ambacho leo kiko Mkoa wa Manyara kilikuwa Mkoa wa Arusha hadi 2002. Mambo haya mchapaji hatayashika. Msomaji mmoja mwenye kalamu nyekundu atayashika kwa saa moja.

Wazee wasiokumbuka mwaka waulizwe kwa matukio. Kanisa la miti na udongo lilijengwa kabla au baada ya Azimio la Arusha, 1967? Mabati yalipanda wakati wa Operesheni Vijiji, au wakati vijana wako vitani Uganda, 1978 na 1979? Sokoine alipofariki, Aprili 1984, ibada ilikuwa ndani ya jengo lipi? Kwa upande wa Meru kuna kipimo kingine ambacho hakuna familia inayokisahau, kuhamishwa kwa nguvu kwa Wameru kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, shauri ambalo mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alilifikisha Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Makanisa ya Baptisti yalikuja baadaye, lakini watu waliokaa kwenye mabenchi yao walikuwa wamepitia hayo. Ukiliacha, kitabu kinaonekana kana kwamba watu walidondoka kutoka mbinguni siku ya ibada ya kwanza.

Hapa naomba kamati zisikilize kwa makini. Kitabu cha kawaida cha duka hili kina kurasa 48. Ukihesabu salamu za viongozi, barua za pongezi, picha za wachungaji mmoja kwa ukurasa na orodha ya kamati, historia yenyewe inabaki na kurasa kumi. Ugeuze mgao. Salamu ziwe mbili, za nusu ukurasa. Wachungaji wote wakae kwenye kurasa mbili zinazotazamana, picha ndogo zenye miaka ya utumishi. Nafasi iliyopatikana ipewe mambo ambayo hayataandikwa popote pengine: nani alitoa kiwanja na mipaka ilipandwa masale kuanzia wapi, maji ya ubatizo yalitoka mto gani kabla ya kisima cha ubatizo kujengwa, mawe yalibebwa na nani na kwa zamu gani, mnada wa mazao baada ya ibada ulinunua mabati mangapi, kwaya ilianza na sauti ngapi, kina mama waliwasha moto wapi siku ya msiba. Ushahidi wa mengi ya haya upo: stakabadhi za mabati, barua ya serikali ya kijiji kuhusu kiwanja, ukurasa wa sadaka. Stakabadhi moja ya mwaka husika ikiskaniwa na kuwekwa kando ya simulizi, inamaliza ubishi wa vikao vitatu.

Majina ni mtihani mwingine. Kijana anayetaipu ana kasi nzuri, ila anasahihisha asichokijua. Aikaeli anamfanya Mikaeli. Nnko inakuwa Nko, n moja imeondolewa kana kwamba ni kosa la kidole. Andaa orodha ya majina yote kwa alfabeti, iprinti peke yake, na wakati wa kuhakiki linganisha kitabu na orodha hiyo, si na kumbukumbu ya mtu. Uhakiki wenyewe ufanywe na wawili: mmoja anasoma mswada kwa sauti pamoja na vituo na namba, mwingine anafuata kwenye nakala ya duka. Kila ukurasa uliopita unasainiwa pembeni. Duka linatoa duru mbili za masahihisho ndani ya bei, na ya tatu unalipia. Ni haki, kwani kamati nyingi huongeza majina mpaka mashine inawashwa.

Kwa uchapaji wenyewe sina mengi ya kulalamika. Ukubwa unaofaa ni A5, karatasi ya ndani gramu 80, jalada gramu 250 lenye laminesheni isiyong'aa sana. Kitabu cha pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa nne, hivyo mswada wa kurasa 46 utalipia 48 utake usitake. Kurasa 48 ni karatasi 12 za A4 zilizokunjwa. Nakala 200 zinakula karatasi 2,400, na rimu 5, yaani karatasi 2,500, zitabakiza karatasi 100 tu za kuharibika. Ni kidogo, weka rimu 6. Njia nzuri ya kuokoa fedha, ambayo wao wenyewe hukushauri, ni kuzikusanya picha za rangi kwenye karatasi mbili za katikati. Unapata kurasa nane za rangi mfululizo, na zilizobaki zinapita kwenye mashine ya nyeusi. Ukitawanya picha za rangi huku na kule, karatasi nyingi zinahesabiwa za rangi na bei inaruka.

Kwa nakala mia mbili au mia tatu mashine ya wino wa unga inatosha. Zikifika mamia mengi, uliza bei ya kiwanda cha kuchapa kwa sahani, yaani ofseti, ambako gharama ya kuandaa ni kubwa mwanzoni lakini kila nakala inayoongezeka ni rahisi. Ufungaji wa gundi ya moto usiuchague kwa kitabu chembamba. Mgongo ukiwa mwembamba gundi haina pa kushika, na kurasa za katikati zinaanza kuchomoka kitabu kikifunguliwa kwa nguvu mezani. Jalada lazima lipigwe mkunjo kwa mashine kabla ya kukunjwa, la sivyo rangi inapasuka mgongoni na mstari mweupe unaonekana. Kwenye hili duka huwa linaharakisha kazi ikiwa nyingi. Omba nakala moja ya mfano iliyofungwa kamili, ikunje, ifungue mara ishirini, ndipo uruhusu zilizobaki.

Muda wanaoahidi ni siku saba baada ya saini ya mwisho. Uamini hilo kati ya Machi na Oktoba. Novemba na Desemba ni kalenda na kadi, Januari ni shule, na umeme ukikatika katikati ya kazi rangi za fungu la pili huwa tofauti kidogo na la kwanza. Peleka kazi miezi miwili kabla ya siku ya jubilei, ukiacha mwezi mmoja mzima wa uhakiki.

Siku ya kuchukua, usihesabu maboksi tu. Toa kitabu kimoja chini kabisa ya kila boksi, fungua kurasa za 24 na 25, uone kama pini zimekaa kwenye mkunjo na kama picha za rangi hazijageuzwa juu chini. Kisha dai bahasha za picha halisi. Duka hili huzirudisha kwa mpangilio uleule zilivyoingia, kila bahasha na namba yake ya penseli, na karatasi laini kati ya picha na picha. Zihesabu pale kaunta, moja moja, ukilinganisha na orodha iliyosainiwa siku ya kuzileta.